Kifua cha Kasmiri

Marcelina Magesa alikuwa mtaalamu wa mionzi katika hospitali moja ya Musoma mjini, na majirani zake wa Kigera walimwita daktari wa picha. Mwanzoni aliwasahihisha. Aliwaambia daktari ni yule anayesoma picha na kuandika dawa. Yeye kazi yake ni kuipiga. Baadaye aliacha, maana maelezo hayo yaliwafanya wamwone kama mpiga picha wa harusi, na hilo nalo halikuwa kweli.

Chuoni Mwanza walimfundisha mwili ulivyo ndani, mashine inavyotoa mionzi, na mtu asimame vipi ili mfupa mmoja usifunike mwingine. Mengine aliyapata kazini. Alijua kumgeuza mzee aliyevunjika nyonga bila kumwongezea maumivu. Alijua kumuuliza mwanamke kama ana mimba bila mama mkwe kusikia. Na alijua kukaza uso. Yeye ndiye anayeona kwanza kilichomo kifuani mwa mtu, na wagonjwa wanalijua hilo, kwa hiyo picha ikishapigwa humtazama machoni. Yeye huwaambia wavae nguo na wakamsubiri daktari.

Juni moja hospitali ilimpanga kwenye gari la kupima kifua kikuu kwa wachimbaji wadogo wa dhahabu, kwanza upande wa Butiama, kisha Bunda. Alikwenda na Daktari Prosper, kijana mpole aliyesoma picha na kutoa majibu, pamoja na Danford, dereva, ambaye ndiye aliyewasha jenereta na kupanga foleni.

Machimboni walipewa ghala tupu lililokuwa likihifadhi simenti. Marcelina alilifagia mwenyewe, akasimamisha bamba la picha ukutani, akapima umbali wa mashine, kisha akatoka nje kutazama upande wa pili wa ukuta ule. Alikuta wanawake wawili wameketi kivulini wakiuza maandazi. Aliwaomba wahame, Danford akafunga kamba pale ili mtu yeyote asikae nyuma ya mashine inapofanya kazi.

"Mbona mnatufukuza, ni bomu?" aliuliza mmoja.

"Hapana, mama. Ila picha ni ya aliyeingia ndani, si ya ninyi."

Wachimbaji walikuja kwa wingi kuliko Marcelina na wenzake walivyotegemea. Sababu waliijua mchana, kutoka kwa kijana aliyeuliza kama akikutwa mgonjwa atafukuzwa. Mwenye maduara, yaani mashimo ya dhahabu, alikuwa ametangaza kwamba mchimbaji asiyepimwa hashuki shimoni, na atakayekutwa na kifua kibovu aondoke moja kwa moja. Msimamizi wake, Boniphace, alidai kila mtu amwonyeshe kikaratasi alichopewa ghalani. Kikaratasi kilisema tu kwamba fulani amepigwa picha. Daktari Prosper alimfuata Boniphace kumweleza kwamba kifua kikuu kinatibika, na kwamba mtu akishaanza dawa, baada ya muda hamwambukizi mwenzake. Boniphace alimsikiliza kwa heshima, akamkaribisha soda, na tangazo likabaki vilevile.

Siku ya kwanza Marcelina alipiga picha za vifua mpaka bega likamuuma. Maneno yalikuwa yaleyale. Jina lako nani? Vua shati na cheni. Kidevu juu, mabega mbele, mikono kiunoni. Vuta pumzi ndani, ishikilie. Achia. Katikati ya foleni aliingia kijana mwembamba, Jastin, anayefanya kazi kwenye karasha la kusaga mawe. Nywele zake zilikuwa nyeupe kwa vumbi. Alifanya alichoambiwa, akatoka.

Kesho yake, karibu na saa ya chakula, aliingia mtu mwenye kofia ya sufi na koti zito. Marcelina alimuuliza jina.

"Kasmiri."

"Umezaliwa mwaka gani, kaka Kasmiri?"

Mtu yule alifikiri kidogo kabla ya kutaja mwaka. Marcelina aliona amefikiri. Alipaswa kumwomba kitambulisho, na utaratibu ulisema hivyo, lakini wachimbaji wengi hawakuwa nacho na foleni ilikuwa imefika barabarani. Alimwambia avue kofia na koti. Akampiga picha. Kifua kilikuwa safi.

Asubuhi ya siku ya tatu, kabla Danford hajawasha jenereta, Marcelina aliketi na kompyuta akipitia picha za siku mbili zile. Hakuwa akitafuta ugonjwa. Alikuwa akihakiki kazi yake: alama ya kulia iko kulia, bega halijafunika pafu, jina limekaa panapostahili. Alipofika kwenye picha ya Kasmiri aliona mtulinga wa kushoto una nundu, mfupa uliowahi kuvunjika ukaunga vibaya. Juu ya bega la kulia, karibu na shingo, kulikuwa na ubavu mdogo wa ziada, kitu ambacho watu wachache huzaliwa nacho bila kujua. Alikuwa ameviona vyote viwili kwenye picha moja ya siku ya kwanza. Alirudi nyuma akapekua hadi akaipata picha ya Jastin, akaziweka sambamba.

Daktari Prosper alikuja na kikombe chake cha chai, akainama.

"Mtu mmoja," alisema Marcelina.

"Au mapacha."

"Mapacha wanaweza wote kuzaliwa na ubavu wa ziada. Hawavunjiki mtulinga mahali pamoja."

Daktari alicheka kidogo kwa pua, kisha akaweka kikombe chini. Wote wawili walielewa maana yake. Aliye mzima hana haja ya kuazima kifua cha mwenzake.

"Nikienda kwa Boniphace," alisema daktari, "atawafukuza wote wawili kabla hatujamwona mgonjwa. Nisipokwenda, huyu Kasmiri anashuka shimoni na watu kumi na kuendelea, hewa hakuna."

"Nimpate huyu Jastin kwanza. Ni mimi niliyempitisha bila kuuliza kitambulisho."

"Nenda, dada. Ila usiende karashani na hilo koti jeupe."

Karasha lilikuwa chini ya kilima, likipiga kelele na kutoa vumbi lililofunika hata majani ya mihogo ya jirani. Jastin alikuwa na wenzake, kitambaa kimefungwa puani. Marcelina alimwita pembeni kama anayemuulizia njia. Walisimama nyuma ya rundo la mawe.

"Jana ulirudi tena," alisema.

"Mimi? Nilikuja juzi tu, dada."

"Kasmiri ni nani wako?"

Kijana alitazama karasha, akatazama viatu vyake. "Kwani ile picha inaonyesha sura?"

"Sura haionyeshi. Ulivunjika mtulinga, upande wa kushoto."

Jastin aliweka mkono pale begani, bila kujua kwamba ameuweka. Akasema, "Nilianguka kwenye mkokoteni wa ng'ombe. Nilikuwaga mdogo." Kisha, kwa kuwa hakuna kilichobaki cha kuficha, akaeleza. Kasmiri ni kaka yake, wametoka kijiji kimoja cha rasini, huko ziwani, baba yao mvuvi. Kasmiri ndiye aliyetangulia machimboni na ndiye aliyemleta yeye. Tangu Pasaka anakohoa. Mwanzo walisema ni vumbi, kila mtu hapa anakohoaga. Sasa kuna damu. Amekwenda kupumzika Bunda, mkewe Agness amepanga chumba kule anauza dagaa, na amesema akipata nguvu atarudi, mradi nafasi yake shimoni isichukuliwe.

"Alikutuma yeye?"

"Hakunituma. Nilifikiri mwenyewe." Alivuta kitambaa kikashuka shingoni. "Ninyi mnapima mnaondoka. Yeye akitolewa hapa, ana mke na mtoto. Utawalisha wewe?"

Marcelina alisema, "Kazi siwezi kukuahidi, hata kidogo. Naweza kukuahidi kwamba majibu atapewa yeye mwenyewe, si Boniphace. Na dawa hazilipiwi. Jumatatu tuko Bunda. Mlete."

"Na ile picha ya jana?"

"Ile siyo ya kwake, lazima niiondoe kwenye jina lake. Na wewe umepigwa mionzi mara mbili. Ni kidogo, haitakudhuru. Lakini mara ya pili haikuwa na sababu, na mimi sipigi mtu picha bila sababu."

Jastin alisema atafikiri. Hakuonekana kama mtu anayeshukuru.

Marcelina alirudi ghalani akaandika kwenye kumbukumbu za mashine kwamba picha ile ni ya mtu mwingine, kwamba imepigwa kwa makosa, na kwamba kosa la kutohakiki ni lake. Jioni Boniphace alikuja kuomba apewe orodha ya watu wenye vifua vibovu, ili apange kazi, kama alivyosema. Daktari Prosper alimwambia orodha ya namna hiyo haitolewi. Boniphace akamgeukia Marcelina, labda akidhani mwanamke atakuwa mwepesi.

"Madam, wewe ndiye unayewaona. Nitajie tu. Kwa mfano Kasmiri, yule mrefu, kikaratasi chake kimeletwa lakini mimi sijamwona yeye mwenyewe wiki ya pili hii. Ni mzima?"

"Kikaratasi cha Kasmiri kilitoka kimakosa, tumekifuta," alisema Marcelina. "Hajapigwa picha. Zaidi ya hapo muulize mwenyewe. Mimi ninachokiona ni cha mwenye kifua na daktari wake."

Boniphace alitikisa kichwa taratibu, akaenda zake. Marcelina alijua alichokisema kina uzito gani. Asingeweza kumwacha mgonjwa ashuke shimoni kwa kikaratasi cha uongo. Lakini alijua pia kwamba kabla ya kesho jina lile lingekuwa limekatwa. Ndivyo ilivyokuwa. Jumamosi, walipokuwa wakifunga mashine, Danford alisikia kwa wauza maandazi kwamba nafasi ya Kasmiri amepewa kijana kutoka Tarime.

Bunda walipewa chumba kwenye zahanati, chenye dirisha kubwa na upepo wa kutosha. Jumatatu Jastin hakuja. Jumanne hakuja. Marcelina alifanya kazi yake, lakini kila Danford alipoita jina jipya aliinua kichwa. Jumatano alimwambia daktari kwamba labda wangeenda kumtafuta, ila Bunda ni mji, na wauza dagaa sokoni ni wengi. Daktari alimpigia simu muuguzi wa wilaya, naye akaahidi kuulizia.

Walikuja Alhamisi kabla muuguzi hajawafikia. Jastin alikuwa amemshika kaka yake kwapani, na Agness alifuata na mtoto mgongoni. Kasmiri alikuwa mtu mrefu kweli, lakini urefu ule sasa ulikuwa umebaki mifupa. Alivaa shati lililokuwa la mtu mnene, nalo lilikuwa lake. Danford aliwapa barakoa, akawaketisha dirishani peke yao, akawaambia watu wa foleni kwamba huyu anatangulia. Hakuna aliyebisha.

Jastin alimsogelea Marcelina. Alisema kwa sauti ya chini, "Wamempa mtu nafasi yake. Ulimwambia Boniphace."

"Nilimwambia hajapigwa picha."

"Ni kitu kilekile."

"Ndiyo," alisema Marcelina. "Mlete ndani."

Kwanza alimwita Agness nje ya mlango, akamuuliza kama ana mimba. Agness alisema hana. Baada ya muda akasema miezi miwili hajaona siku zake, ila hakutaka kumwambia mumewe akiwa katika hali hii. Marcelina alimwambia akae na mtoto upande wa mbele wa zahanati, na kwamba habari hiyo atamweleza mumewe mwenyewe, atakapoona inafaa.

Ndani, Kasmiri hakuweza kusimama mbele ya bamba. Mara mbili alijaribu, mara mbili magoti yakakataa. Jastin alisema atamshikilia.

"Wewe hapana. Umeshapigwa mara mbili."

"Ni kaka yangu."

"Najua. Toka nje kidogo, nitakuita."

Alileta kiti, akamkalisha Kasmiri mgongo ukiegemea bamba, akaazima kanga ya Agness, akamfunga kiunoni, chini ya mbavu, ili asiteleze. Alimzungusha mabega mbele kwa mikono yake, polepole, akamwekea mto chini ya viwiko. Alipanga alama ya kulia. Alirekebisha mashine kwa sababu mtu aliyeketi na aliyekonda namna ile hahitaji nguvu ileile ya mtu aliyesimama.

"Kaka Kasmiri, nitakuambia uvute pumzi uishikilie."

"Nikivuta nakohoa, dada."

"Basi usiivute sana. Kohoa kwanza umalize. Nitakungoja."

Alienda nyuma ya kinga ya madini ya risasi, akamtazama kupitia kioo kidogo. Kasmiri alikohoa, akapumzika, akakohoa tena. Marcelina alitazama tumbo lake linavyopanda na kushuka, akaona kwamba baada ya kila kikohozi kuna kituo kifupi ambapo kifua kinatulia kimejaa hewa kiasi. Alikingoja kimoja akakiacha, ili awe na hakika. Kilichofuata alikipiga.

Picha ilitokea. Pafu la kulia, juu, lilikuwa na shimo lenye ukingo mzito, na chini kulikuwa na maji. Kushoto nako kulikuwa na madoadoa yaliyotapakaa. Ilikuwa picha nzuri, haikuhitaji kurudiwa. Alimfungua kanga. Kasmiri alikuwa akimtazama.

"Umeona nini?"

"Picha imetoka vizuri. Daktari anakuja kukueleza."

"Wewe umeona. Niambie tu."

"Nimeona kwamba hutarudia tena kukaa kwenye kiti hiki leo," alisema Marcelina. "Mengine ni ya daktari, na atakuambia wewe wa kwanza, kabla ya mtu yeyote."

Kasmiri aliendelea kumtazama. Kisha akafumba macho, akasema, "Sawa, dada." Marcelina alitoka kumwita Daktari Prosper. Koridoni alisimama kwanza karibu na ndoo ya maji, akanawa mikono kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Makohozi yalithibitisha kifua kikuu. Kwa sababu ya maji kifuani, daktari aliamua Kasmiri alazwe Musoma. Danford aliwapeleka mchana uleule, madirisha yote ya gari yakiwa wazi. Agness na mtoto walipimwa, hawakuwa na ugonjwa. Mtoto alianzishiwa dawa za kinga. Jastin naye alipimwa makohozi, akakutwa mzima. Alipopewa majibu aliyakunja akayatia mfukoni, akapanda pikipiki kurudi Butiama, kwa sababu kesho yake alitakiwa karashani. Marcelina alimpungia mkono. Kijana aliona, hakupunga.

Kasmiri alilazwa wiki kadhaa. Maji yalitolewa, dawa akaanza. Marcelina alimpiga picha mara nyingine mbili, kila mara kwa agizo la daktari, na hawakuzungumza sana. Siku aliyotoka wodini aliambiwa aendelee na dawa nyumbani na arudi zikiisha. Hakwenda Bunda. Agness alikuwa ameacha chumba, wakahamia kwa wazazi wake Kasmiri huko rasini, na dawa alichukua kwenye zahanati ya kijiji. Wapo waliosema kwamba wagonjwa wa machimbo huacha dawa wakipata nafuu. Yeye hakuacha. Baba yake, mvuvi mzee, alikuwa akimkalisha kila asubuhi na kutazama kidonge kinavyomezwa, na Kasmiri alimsimulia muuguzi jambo hilo kwa aibu, kama mtu mzima anayelishwa uji.

Januari alirudi kwa picha ya mwisho. Aliingia chumbani akitembea mwenyewe, amevaa shati jipya la mikono mirefu. Alisimama mbele ya bamba, akavuta pumzi, akaishikilia, akaachia alipoambiwa. Shimo la juu lilikuwa limefunga, limeacha kovu. Madoadoa ya kushoto yalikuwa yamepungua, lakini yalibaki mengine, madogo na magumu, ambayo dawa ya kifua kikuu haiyagusi. Daktari Prosper alimweleza kwamba hayo ni ya vumbi la mawe. Hayatatoka. Kama akirudi shimoni, au hata karashani, yataongezeka, na safari nyingine hakutakuwa na dawa ya kumpa.

Kasmiri alimsikiliza. Aliuliza swali moja tu, kama mdogo wake naye anayo. Daktari alisema picha ya Jastin ilikuwa safi mwezi Juni, na kwamba tangu hapo hajui.

Kabla ya kuondoka Kasmiri alipita tena kwa Marcelina, akaomba aione picha. Kwa kuwa daktari alishamweleza, Marcelina alimgeuzia kompyuta. Alimwonyesha moyo, akamwonyesha kovu, akamwonyesha yale madogo. Kasmiri aliyatazama kwa makini, mikono nyuma.

"Mdogo wangu bado ana hasira na wewe," alisema.

"Najua."

"Mimi nilikuwa nayo pia. Karibu muda wote mle wodini nilikuwa nayo." Hakuongeza kwamba imekwisha. "Nimemwambia aje huku apigwe picha tena. Anasema muda hana."

"Akija nitampiga. Mwambie aje na kitambulisho."

Kasmiri alitabasamu nusu. Alisema mkewe amejifungua mtoto wa kike, Susana, jina la bibi yake, na kwamba sasa anasaidia kuanika dagaa na amelima mihogo kidogo, ingawa kijijini bado wapo wanaomwekea kikombe chake peke yake. Akachukua begi lake dogo, akaaga, akaelekea stendi.

Jastin hakuja mwezi huo, wala uliofuata. Machi, Marcelina akiwa eneo la Mukendo, mjini, akinunua mchele, alimwona ng'ambo ya barabara akishusha magunia kwenye lori, nywele zake nyeusi, bila vumbi. Hakujua kama ameacha karasha au amekuja mjini kwa siku moja tu. Jastin naye alimwona. Walitazamana, kisha kijana akainamisha kichwa kidogo, kama watu wanavyofanya kwa mkubwa wao, akainama kunyanyua gunia lililofuata.